Adhiambo, Jina Lako Nililitoa Mimi

Mpaka saa hii sijaamini. Asubuhi nimefungua group ya kazi kutafuta voice note yako ya kila siku, ile ya "Mto umepanda kidogo, watu wangu wako salama." Hakuna. Ndipo nikakumbuka kwamba kifo chako nilikitangaza mimi mwenyewe, humo humo.

Kwa wasiomjua: Adhiambo alikuwa volunteer wetu kule Nyando, kijiji cha chini kabisa, pale mto unapokaribia kuingia ziwani. Mimi nilikuwa supervisor wake, ofisi iko hapa Kisumu mjini. Kazi yetu ilikuwa kuorodhesha nyumba ambazo mafuriko yanaweza kuzimaliza, ili wenyewe wasaidiwe kuhamia juu.

Siku yangu ya kwanza field nilikuja na viatu vya ofisi. Uliviangalia, ukaniangalia, ukaingia ndani ukatoka na gumboots za marehemu mumeo. "Vaa, Madam. Matope ya huku haijui degree." Nilitembea nazo kutwa nzima, miguu inacheza ndani.

Ulikuwa na mdomo wewe. Form iliuliza, "Kwa nini hamhami?" na ikaweka majibu matatu ya kuchagua. Ukasema, "Hii imeandikwa na mtu hajawahi kuwa mjane kwetu Luo." Nikaongeza jibu la nne kwa kalamu.

Jibu hilo lilikuwa lako. Kwa desturi ya kwenu mjane hafungui boma jipya peke yake. Lazima mwanaume wa ukoo wa mumewe atangulie, achimbe shimo la nguzo ya kwanza. Na wewe ulikuwa umekataa kurithiwa na ndugu wa mumeo, ukasema hivyo mbele ya wazee bila kupepesa macho. Basi ukabaki pale chini, kando ya kaburi la mumeo, Baba Mercy. Maji yanaingia, unayatoa, yanarudi.

Watu walikuita kichwa ngumu. Mimi nilikupenda kwa hicho kichwa.

Halafu shemeji yako akakubali. Ulinipigia ukiwa kwa mama yako kule Sondu, unacheka mpaka unakohoa. "Madam, atachimba shimo aende zake. Harithi mtu. Sasa nangoja mabati tu."

Mabati yalikuwa yatoke kwa list yetu. Nyumba yako ilikuwa na score ya juu kuliko karibu zote: mjane, watoto, ukuta wa udongo wenye ufa, mto uko hatua chache.

Nikaitoa.

Sikutumwa na mtu. Kijiji cha pili watu walikuwa wamelalamika kwamba volunteers wanajiandika wenyewe, nikaogopa list nzima itakataliwa. Nikakuambia ni conflict of interest, anayeorodhesha hawezi kujiorodhesha, na kwamba awamu ijayo utakuwa wa kwanza. Uliipitia ile list mara moja. Kisha ukasema, "Sawa, Madam. Wacha hawa wengine wapande." Ukabonyeza submit kwa kidole chako mwenyewe.

Awamu ijayo haikuja. Mradi ulifungwa, tukapigwa picha ya pamoja na keki.

Jumanne mto ulipovunja kingo ulikuwa nje kabla ya mtu yeyote. Ulipita nyumba kwa nyumba na filimbi, maji yamekufika kiunoni. Mama Pamela, jirani yako, ameniambia ulimbeba mgongoni mpaka shuleni huku unamtania kwamba ugali wake ni mzito kuliko yeye. Kijijini kwako maji hayakumuua mtu hata mmoja. Naomba msome hiyo sentensi tena.

Alhamisi jua likatoka. Watu wakaanza kurudi kuanika vitu. Wewe uliingia ndani kutoa godoro la watoto, na ule ukuta, uliokuwa umelowa tangu Jumanne, ukakuangukia.

Nimesoma rambirambi zenu chini ya tangazo langu. "Mungu amempenda zaidi." "Siku yake ilifika." Najua mna nia njema, lakini msiniandikie hivyo. Ufa wa ukuta huo niliupiga picha mimi, na picha bado iko kwa simu yangu.

Jana nilienda. Wamechimba kaburi lako mara mbili kando ya mumeo, na mara mbili limejaa maji. Nikamwuliza shemeji yako kama haiwezekani uzikwe kule juu, kwenye shamba ulilotaka kujenga. Aliniangalia kwa upole, jembe bado liko mkononi. "Madam, kule hakuna boma. Mke wetu tutamzika porini?" Hakuwa na ubaya wowote. Nilienda nyuma ya choo nikalia.

Wanangoja maji yashuke. Wewe uko mochari.

Nikiwa njiani kurudi mjini ofisi ikanipigia. Kuna msaada wa dharura na wametumia data yetu ya zamani, yenye nyumba zote tulizopima, ila wamerekebisha yale yaliyobadilika tangu wakati ule. Nyumba yako imepita. Imepita ya kwanza kabisa, kwa sababu sasa ni household inayoongozwa na mtoto. Wanataka nithibitishe jina la binti yako, Mercy.

Nimethibitisha. Mercy ana miaka kumi na sita na ni msichana, Adhiambo. Wewe mjane ulitafutiwa mwanaume wa kukutangulia. Yeye, kwa desturi hiyo hiyo, hafungui boma kabisa. Mabati yatashushwa wiki ijayo na lori litauliza liyaweke wapi, na shemeji yako ataonyesha pale pale ukuta ulipoanguka.

Siombi unisamehe leo. Lala salama, rafiki yangu, wakishapata pa kukulaza.