Mkasi na Lebo za Mapacha

Mke wa kaka yangu tunamwita Mkasi. Ukimsimulia jambo refu atakukatiza: "Shemeji, fupisha, chai inapoa." Na ndiyo kazi yake: huandika programu za kunyoosha maandishi. Ukiandika jina kwa herufi ndogo tupu, programu yake inaikuza ile ya kwanza. Ukiacha nafasi tatu katikati ya maneno, inafuta mbili. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto wachanga, na lebo za vichupa vyetu vya damu aliziandikia programu yeye. Zilitoka zimepangika mpaka raha.

Basi tukapata mapacha, wote wamelegea, hawanyonyi. Tukawatoa damu, tukachapa lebo, tukapeleka maabara. Majibu yakarudi: mmoja chumvi ya damu imeshuka vibaya, awekewe dripu haraka, mwenzake yuko sawa, na dripu ile ingemdhuru. Yupi ni yupi? Lebo zote mbili zilifanana herufi kwa herufi.

Wodini kwetu mtoto asiyepewa jina huitwa "Mtoto wa", yanafuata majina matatu ya mama, na kama ni pacha, mwishoni kabisa "wa Kwanza" au "wa Pili". Programu iliruhusu herufi thelathini tu. Mama huyu majina yake yalikuwa marefu, kwa hiyo mkia ulikatwa, na tofauti yote ya watoto wale ilikuwa mkiani.

Tukatoa damu upya, nikaandika vichupa kwa mkono, kimoja kimoja, mama akiangalia. Kisha nikampigia Mkasi.

Alifika na kompyuta yake kwapani, akaketi kwenye meza yetu ya dawa bila kuomba kiti.

"Nilikata mwisho," alisema, "nikidhani mwisho wa jina kuna babu tu."

"Babu wa watu amekukosea nini?"

Hakucheka. Alihamisha namba ya pacha ikatangulia, jina la mama likafuata, na lisipotosha lishuke mstari wa pili. Likizidi hapo, mashine igome kuchapa. Vidole vyake havikusita hata kidogo.

"Hii haitajirudia. Nipeni jina refu kuliko yote mliyo nayo."

Mama wa mapacha alikuwa amesimama nyuma yake. "Kwa hiyo mwanangu mgonjwa ni yupi?"

Nilitegemea Mkasi afupishe. Aligeuka, akamweleza yote: programu ni yake, imekata wapi, kwa nini, na kwamba majibu mapya ndiyo ya kuaminiwa. Sijawahi kumsikia akiongea kirefu namna ile. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamkabidhi mtoto mmoja amshikie.

Simu ya maabara ikalia. Ni wa pili. Ndiye aliyekuwa mikononi mwa Mkasi, na nilimwekea dripu akiwa pale pale. Jioni alinyonya.

Siku hizi Mkasi akiandika programu yoyote, hata ya risiti za duka la misumari, jina la kwanza la kuijaribia ni lile lile, kuanzia "Mtoto wa" mpaka "wa Pili". Juzi nikamtania: yule sasa ana jina lake, yuko darasa la kwanza, amwachie apumue.

"Shemeji," akasema, macho kwenye kioo cha kompyuta, akisubiri "wa Pili" itokee, "acha kwanza nimwone ametoka mzima."