Ncha ya Pili ya Kilemba

Nakumbuka alfajiri moja ya vita, mwanangu, nikiwa rubani kijana wa ndege za kivita huko India. Sisi Makalasinga wa Kisumu tulikuwa tukipelekwa kule kusoma. Mimi vitabu vikanishinda, nikaishia jeshini. Lo, na kiburi nilichokuwa nacho!

Kilemba chetu unakijua. Kitambaa kirefu vile hakikunjiki vizuri mpaka mwenzako ashike ncha ya pili na kuvuta. Kambini aliyekuwa akinishikia ni Mathai, Mkristo wa hukohuko India, rubani niliyeruka naye sambamba. Basi jana yake alikuwa amemwambia mkubwa wetu, mbele yangu, kwamba niliacha nafasi yangu angani nikakimbilia sifa. Ilikuwa kweli, na iliniuma sana. Nikamnunia. Alfajiri ile nikafunga ncha kwenye kitasa cha mlango, nikavuta peke yangu.

Mkubwa wetu, Kalasinga mwenye ndevu za mvi, akapita akaona. "Kijana," akasema, "huko juu nani atakulinda mgongo? Huyo mlango?"

Hasira hasara, mwanangu. Niliona haya. Nikafungua fundo, nikamwendea Mathai.

"Shika," nikamwambia. "Na jana ulisema kweli."

Akavuta kwa nguvu mpaka nikapepesuka. "Mjinga wewe!" akasema, tukacheka.

Asubuhi hiyohiyo, tukiwa angani, akanipigia kelele redioni: "Kata kushoto!" Nikakata, sikuuliza. Risasi zikapita palepale nilipokuwa. Ningekuwa bado nimenuna ningebishana kwanza, na leo usingekuwa na babu.

Sasa, jana nimekuona. Umefunga kilemba chako kwenye kitasa, humu humu nyumbani, mtaani kwetu Uccle, huku ughaibuni. Mikono yangu inatetemeka, haikufai. Aliyekuwa akikushikia ni kaka yako, naye amehamia Forest, mtaa wa pili tu, hamsalimiani, eti kwa sababu alikwambia ukweli mbele ya mama yenu. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Mimi jembe sina, nina vyungu vya maua dirishani, kwa hiyo nasema.

Anayekwambia kweli ikakuuma, huyo usimwache. Usingoje akuombe radhi. Panda tramu leo, umwendee wewe kwanza.

Mungu akuinue, mwanangu, akurudishe nyumbani salama kila uendako, na maisha yako yote asikunyime mtu wa kushika ncha ya pili.