Jiko la Kompyuta na Mafiga ya Mama

Rangi ya zamani ya bati inapopata moto, ikichanganyika na vumbi linaloungua ndani ya feni, hutoa harufu moja kavu inayokwaruza koo. Hiyo ndiyo harufu ya nyumbani kwa baba yangu. Nilikuwa huko Jumamosi iliyopita. Nilimkuta ameinama jikoni, akabonyeza swichi ya jiko lake, feni ikaanza kulia ile sauti nyembamba, na makaa yakawa mekundu mara moja. "Karibu, Nafula," akasema bila kuinua kichwa. "Chai iko karibu." Nilisimama mlangoni na mkoba wangu begani, nikatamani kulipiga lile jiko teke. Mimi ni mtu mzima, nina mume na watoto, na bado nikiliona jiko hilo mguu huniwasha. Kaeni niwaeleze kwa nini.

Jiko lenyewe ni kompyuta. Ni lile kasha la chuma ambalo watu huliita sipiyu. Baba alilitoa matumbo yote, akalilaza chali, akalikandika udongo wa mfinyanzi ndani, akakata tundu juu la kuwekea sufuria. Feni ya kompyuta hiyohiyo aliifunga nyuma, mwisho wa bomba fupi ili isiyeyuke, akaiunganisha na betri ya pikipiki. Ukiwasha, inapuliza makaa mpaka unasikia joto usoni. Watu wakimcheka alikuwa na jibu tayari: hiyo ndiyo kompyuta pekee kwetu Bukhayo nzima ambayo haijawahi kukwama.

Alikuwa fundi, kibanda chake kikiwa Burumba, mjini Busia, karibu na mpaka. Siku hizo wafanyabiashara walikuwa wakivusha kompyuta za mitumba kwenda upande wa Uganda, na zile zilizokufa njiani ziliishia kwake. Alichoweza kufufua alifufua. Kilichokataa alikifunga kwenye baiskeli jioni akaja nacho nyumbani. Kuku wetu walitagia ndani ya skrini zilizotolewa vioo. Sidii za kompyuta zilining'inia juu ya mtama kutisha ndege, na jua likizipiga ua wote ulijaa vimulimuli. Herufi nilijifunzia kwenye vitufe vya kibodi, baba alivyovibandua akanijazia ndani ya kopo. Nilimpenda mno. Niliamini hakuna kitu kilichovunjika ambacho baba hawezi kukitafutia kazi.

Sasa nije kwa Kukhu, mama yake baba. Nyumba yake ilitazamana na yetu, katikati ua tu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye ulimi ambao hata mbwa wetu aliuogopa. Mama yangu hakumpendeza tangu siku ya kwanza. Mama ni Mteso kwa kabila, kwao ni Malaba. Alikutana na baba mjini Busia, na alipofika Bukhayo mimi nilikuwa tayari tumboni. "Alikuja na tumbo, hakuja na wazee," ndivyo Kukhu alivyokuwa akisema, na alisema mbele ya yeyote, hata muuza samaki.

Kwetu mwanamke akiolewa huanza kwa kupika jikoni kwa mama mkwe. Halafu inafika siku ambayo mama mkwe mwenyewe humwekea mafiga yake, mawe matatu, ndani ya jiko lake mwenyewe. Kuanzia siku hiyo yeye ni mke mwenye mji. Anaweza kupikia wageni, anaweza kuwakaribisha watu wa kwao, hakuna wa kumfukuza. Lakini ndoa ikianza vibaya kama ya wazazi wangu, mafiga hayaji yenyewe. Mwana lazima amwendee mama yake, akae chini, amwombe. Hiyo tu. Nilikuwa nimefika umri wa kwenda shule na baba alikuwa bado hajaomba.

Mama alipika kwa Kukhu miaka hiyo yote. Kukhu alikaa mlangoni kwenye kigoda, akitazama mkono wa mama kama askari wa jela. Mboga ikipakuliwa alionja, akatema nje, akasema, "Chumvi ya Malaba." Mama aliendelea kupakua. Nilikuwa nikiuona mshipa wa shingo yake ukisimama, na bado alipakua. Mpaka siku moja ugali ukiwa haujaiva, Kukhu alichukua maji kwenye kata akamwaga motoni. Moshi ulitujaa machoni. "Kuni ni zangu," alisema. "Mwenye haraka akatafute zake."

Usiku huo sikulala njaa, maana jirani alitupatia viazi. Asubuhi nilimsikia mama akimwambia baba, kwa sauti ya chini, "Nenda uongee na mama yako. Leo."

Baba alisema sawa. Akachukua baiskeli akaenda Burumba. Jioni alirudi na lile kasha.

Siwezi kuwaficha, ilikuwa siku ya furaha kwangu. Nilimshikia baba tochi na misumari, nikaponda udongo kwa miguu. Jiko lilipowaka mara ya kwanza nilipiga makofi. Mama alisimama kando amejifunga leso kifuani, amekunja uso. Nilidhani amekosa shukrani. Mtu anatengenezewa jiko kama hilo, la kupuliza lenyewe, halafu anakunja uso!

Basi tukaanza kupika kwetu, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba. Kukhu hakugusa chakula cha jiko hilo hata mara moja. Akipita alifunika pua. Aliliita "bati la mapepo", na sauti ya feni ikianza alikuwa akiimba wimbo wa kanisani kwa nguvu ili asiisikie. Mama naye akisikia wimbo aliongeza moto. Hivyo ndivyo tulivyoishi, nyumba mbili zinazotazamana, moja inaimba, nyingine inapuliza makaa, na baba katikati akitabasamu kwa pande zote mbili. Baba alimjibu kila mmoja vizuri. Kwa mama yake alisema, "Ndio, mama." Kwa mkewe alisema, "Ngoja kidogo."

Kisha ndugu yangu mdogo akazaliwa, na habari ikaja kutoka Malaba kwamba mjomba Omuse, kaka mkubwa wa mama, anakuja na wazee wa kwao kumwona mtoto. Mama alishtuka. Kwa mara ya kwanza watu wake wangekanyaga ua huo, nao wangetazama jambo moja kabla ya lingine lolote: dada yao anapikia wapi.

Nilimsikia akimsihi baba. Hakupiga kelele. Alisema, "Baba Nafula, wakija wakute nina mafiga. Nimevumilia yote. Hili usiniangushe."

"Usijali," baba akasema. "Nimeshafikiria."

Alichokuwa amefikiria ni hiki. Alileta kasha la pili, akaliunga na la kwanza, akaweka feni mbili ili sufuria ya wageni ienee. Alilipaka rangi ya fedha. Hata zile taa ndogo za kijani za mbele ya kompyuta aliziunganisha zikawaka. Nilizunguka jiko hilo nikicheka kwa raha. Mama alilitazama, akaingia ndani, akafunga mlango.

Wageni walifika na unga wa wimbi na jogoo mwekundu. Mjomba Omuse alikuwa mtu mnene wa sauti nzito, akivaa koti hata kwenye jua. Walikaribishwa kwenye viti uani. Kukhu alitoka, akasalimia kwa ncha za vidole, akaenda kukaa mlangoni kwake. Mama alikuwa kibandani anapika kuku, na angepika akaleta chakula pengine mambo yangepita, kwa sababu mgeni wa kiume haingii jikoni kuchungulia. Lakini mjomba alisikia zile feni.

"Shemeji, nini hiyo inalia huko nyuma?"

Hapa ndipo baba yangu, mtu ambaye kila mtu Burumba alimwita mwerevu, alipofanya alichofanya. Uso ulimng'aa. Alikimbia kibandani, akamwambia mama ashushe sufuria, akalibeba jiko kwa matambara likiwa linawaka, akalileta katikati ya ua, akaliweka mbele ya miguu ya wakwe zake. "Ona hii kitu, shemeji," akasema. "Ilikuwa kompyuta ya ofisi. Mimi mwenyewe nimeunda. Hii ndiyo jiko ya mama Nafula."

Wazee wa Malaba walilitazama jiko. Hakuna aliyegusa. Mjomba aliuliza polepole, "Na mafiga ya dada yetu iko wapi?"

Baba alicheka. "Shemeji, hii ni ya kisasa. Mawe ni ya zamani."

"Mimi sijauliza kisasa. Nimeuliza mafiga."

Baba aligeuka akamtazama mama yake. Ua mzima ulimtazama Kukhu. Mama alikuwa ametoka kibandani, mwiko mkononi, na nilimwona anamtazama baba, si Kukhu. Alikuwa akimngoja yeye.

Kukhu hakuinuka. "Mgeni hutembea na jiko yake," alisema. "Huyu alikuja mgeni. Sijaona mtu amekuja kuniambia vingine."

Ilikuwa zamu ya baba kusema. Hata mimi mtoto nilihisi hivyo, maana macho yote yalikuwa yamemrudia yeye. Angeweza kusema lolote. Aliinama, akaanza kukaza waya wa feni moja ambayo haikuwa na shida yoyote.

Mjomba Omuse alisimama, akachukua kofia yake. "Kuku hiyo hatuli," alisema. Kwetu mgeni akikataa chakula, hakuna tusi kubwa kuliko hilo. "Dada, funga vitu. Sisi hatukukutupa."

Mama aliweka mwiko chini. Aliingia ndani, akatoka na mtoto mgongoni na nguo zetu kwenye shuka. Alinishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vikauma. Nililia, nikamwita baba. Kukhu alitutazama tukitoka, akaanza kuimba wimbo wake wa kanisani, na siku hiyo hakukuwa na sauti ya feni ya kumshinda. Nilimchukia mwanamke yule kwa moyo wangu wote. Nilimchukia mpaka alipokufa, na sikumwaga chozi kaburini kwake.

Kesho yake, jua likiwa kali, tulikuwa kwa mjomba Malaba, kule malori yanakopanga mstari yakingoja kuvuka. Nikamwona baba anakuja kwa baiskeli, shati limelowa jasho, miguu imejaa vumbi jekundu. Nilipiga mayowe ya furaha nikamkimbilia. Amekuja kutuchukua! Nyuma yake, kwenye kiti cha kubebea mizigo, lilikuwa limefungwa jiko, lote, na feni zake na betri.

"Mmesahau jiko," alimwambia mama.

Mama alimwuliza swali moja. "Umeongea na mama yako?"

Baba alifungua kamba. "Nimeongeza bomba, sasa haitatoa moshi."

"Baba Nafula. Nilikuomba mawe. Umeniletea feni mpaka Malaba."

Alisema hivyo akaingia ndani. Baba alinipa kipande cha muwa alichokuwa nacho mfukoni, akalifunga tena jiko, akaondoka. Nilimtazama mgongo wake mpaka malori yakamfunika. Halafu nikamgeukia mama yangu na hasira ambayo sikuwahi kuisikia kabla ya hapo. Nilimwambia ana roho mbaya. Baba amekanyaga baiskeli kutoka Bukhayo, milima yote ile, kwa ajili yake, naye hata maji hakumpa! Mama hakunipiga. Aliendelea kumnyonyesha mtoto, akanitazama tu.

Hakurudi Bukhayo. Alitulea hapohapo Malaba kwa chai na chapati alizowauzia madereva, na akapikia kwenye mafiga aliyowekewa na mama yake mzazi, akiwa mwanamke aliyerudi kwao. Na mimi miaka yote hiyo nilikuwa upande wa baba. Likizo nilikwenda kwake, nikala chakula cha jiko lake, nikamwonea huruma. Nilijiambia kwamba Kukhu alivunja ndoa yao na kiburi cha mama kikamalizia.

Kisha nikaolewa Nambale. Mwaka wa kwanza mama mkwe wangu alinitukana mbele ya wanawake wa jumuiya ya kanisa, akawataja hata wazazi wangu. Nilimwambia mume wangu. Alisikitika sana, alinishika mkono, na jioni akaniletea kitenge kizuri kutoka upande wa Uganda, rangi ninayoipenda. Nilikikunjua. Nikajikuta nakitupa nje kwenye matope kama kinaniuma.

Mume wangu alishangaa. "Sasa nimekosa nini?"

"Nguo ninazo," nikamwambia. "Nenda uongee na mama yako."

Niliona anatafuta kitu kingine cha kufanya na mikono yake, na nikaogopa, kwa sababu nilikuwa nimeshawahi kuliona tendo lile kwa baba. Kisha akatoka. Nyumba ya mama yake iko ng'ambo ya ua, hata viatu hakuvaa. Nilisimama mlangoni nikamwona anavuka, anabisha, anainama kuingia. Hapo ndipo nilipoelewa. Kukhu alikuwa katili, na ukatili wake aliusema wazi mchana kweupe ili ajibiwe. Aliyemfukuza mama yangu ni yule mpole, baba. Nilishikwa na hasira juu ya baba yangu kuliko siku zote, kwa maana yeye aliweza kukanyaga baiskeli mpaka Malaba na jiko nyuma, na mimi sasa nilikuwa nimeona kwa macho yangu jinsi ua ulivyo mfupi kwa mtu aliyeamua kuuvuka.