Diski Nzima Kwenye Kreti ya Kupondwa

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Plano, msimamizi alinikabidhi kitoroli na koti zito. Koti lilinishangaza, maana nje jua la Texas lilikuwa linachoma. Ndani ya jengo la seva kulikuwa na baridi kali na kelele za feni, nami, fundi redio wa Morogoro, nikajiona nimefika.

Kazi yetu ilikuwa kubadilisha diski zilizokufa. Ninyi vijana mnaosema picha zenu ziko "kwenye cloud", jueni ziko kwenye makabati ya chuma. Seva nyingi huunganishwa zikawa ghala moja, ndiyo klasta, na kila kitu hutunzwa nakala tatu kwenye diski tofauti. Diski ikifa, zilizobaki hutengeneza upya nakala iliyopotea. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, na katika saa hizo ukichomoa diski nzima kwa makosa unaweza kuondoka na nakala ya mwisho. Haraka haraka haina baraka, niliwaambia wenzangu mpaka wakanichoka.

Baada ya miaka kadhaa nikahamishiwa Houston, chini ya msimamizi wa zamu, Madam Njeri, Mkenya asiyecheka ovyo. Huko nafasi za diski zilihesabiwa kuanzia sifuri. Plano tulianzia moja. Utaratibu ulikuwa umsomee mwenzako namba ya diski kabla ya kuichomoa. Mimi, kwa kiburi cha ukongwe, niliona hayo ni mambo ya wanagenzi.

Asubuhi moja diski mbili zilikufa kwenye seva mbili, zenye picha za eksirei za hospitali. Ya kwanza ilikuwa nafasi namba saba. Nilihesabu kwa kidole mpaka saba, nikachomoa, nikaweka mpya. Niliyoitoa nikaitia kwenye kreti pamoja na nyingine zilizokufa, nikaipeleka kwa Désiré, Mrundi aliyeendesha mashine ya kuponda diski. Nilipokaa kusaini fomu ya kuponda nikaona namba ya diski hailingani na ya ile iliyokufa. Nilikuwa nimechomoa nzima.

"Désiré, simamisha!"

"Kuna nini, Mzee?" Diski yangu ilikuwa mkononi mwake.

Madam Njeri alifika mbio. "Mzee Salum, uli-count kuanzia ngapi?"

"Moja, Madam."

"Na nani ali-confirm namba?"

"Hakuna."

Aliichukua, akachomoa ile mpya, akairudisha nzima mahali pake mwenyewe, tukakaa mbele ya skrini. Nilisali kimoyomoyo. Mchana ulipita, jioni ikaingia, ndipo nakala zote zikarudi kuwa tatu.

"Nita-report, na jina lako litakuwa hapo," alisema. "Lakini nitaandika ulikuja straight away. Wengi wangenyamaza."

Sikufukuzwa. Niliendelea miaka mingi, nikisoma namba kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Siku ya kuniaga nilipostaafu, hapa Carrollton ninakoishi sasa, Madam alisafiri kutoka Houston akasimulia kisa kile, akaniita mtu mkweli. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga.

Sikumsahihisha, na aibu hiyo ninayo mpaka leo. Sikuja mara moja. Nilikaa na kalamu mkononi, nikiwaza wanangu na kibali changu cha kazi, huku nikisikia mashine ikitafuna diski moja, ya pili, ya tatu, ya nne. Kama Désiré angeanza na ile yangu, nadhani ningesaini nikanyamaza.