Glavu Juu ya Mpira

Wiki ile ya mechi za mchujo nilishona upya namba moja mgongoni mwa jezi ya kaka yangu. Uzi wa zamani ulikuwa umeachia, na mimi, kwa vile nafanya kazi kwa fundi wa kushona madera hapa mtaa wa Wabera, Isiolo, niliona aibu kipa wetu aingie uwanjani na namba inayopepea. Nikikaa kwenye cherehani, miguu inakanyaga na kichwa kinaenda zake. Ndivyo nilivyo. Siku hiyo nilimwona kaka akicheza Nairobi, halafu nje ya nchi, na mimi nimekaa mbele kabisa, watu wananiuliza, "Wewe ni nani wake?" nami najibu, "Mimi ndiye nilishona hiyo namba."

Timu yetu ilibakisha mechi mbili tu. Jumamosi nusu fainali, Jumapili fainali, na mshindi anapanda ligi. Mtaani watu waliongea juu ya kombe. Kwetu nyumbani ilikuwa kitu kingine. Baba yetu, tunayemwita Aba, ana lori la kubeba mifugo na analiendesha mwenyewe. Anachukua mbuzi huko juu kaskazini na kuwashusha Nairobi, na utingo wake wa miaka mingi alikuwa ameacha kazi. Aba alitaka kaka aingie kwenye lori. Kaka alitaka kukaa golini. Basi jioni moja wakapatana, Aba akiongea polepole juu ya kikombe cha chai:

"Mkipanda, nakupa mwaka mwingine wa huo mpira wako. Msipopanda, Jumatatu asubuhi uko ndani ya lori. Sitaki kelele."

"Sawa, Aba."

Wakashikana mikono. Kwetu mkishashikana mikono hivyo, hakuna mtu anarudi kufungua hayo maneno.

Jumamosi tulicheza na vijana wa upande wa Gotu. Wale watu wanakimbia! Mashabiki wao walisimama karibu na goli letu wakimchokoza kaka.

"Warya, kipa! Hiyo mikono ni ya kushika mpira ama ya kuosha vyombo?"

Mama anayeuza chai pale uwanjani akawajibu akiwa bado anamimina, "Vyombo anaosha vizuri sana. Lakini chombo chenu leo hakipati kitu!"

Tulicheka mpaka nikaumwa na mbavu. Katikati ya hiyo kelele adhana ya alasiri ikasikika kutoka msikitini. Hapa kwetu kuna desturi ambayo sijui ilianza lini. Adhana ikiita, mpira unasimama. Hata wale vijana wa Gotu, wengi wao ni Wakristo, walikaa chini wakanywa maji. Kaka alifanya vile amefanya tangu akiwa mdogo. Aliweka mpira chini mbele ya goli, akavua glavu moja, akailaza juu ya mpira. Hiyo maana yake ni mpira umelala, mtu asiuguse. Hakuna aliyewahi kuugusa. Wanaosali walisali pale pembeni, mchezo ukaendelea, na tukashinda bao moja kwa bila.

Usiku huo sikulala vizuri kwa furaha. Kichwani mwangu tayari nilikuwa nimemvusha kaka fainali.

Jumapili wapinzani walitoka upande wa Meru. Gari lao lilipata pancha njiani, kwa hivyo tulianza tumechelewa sana, jua limeshainama. Refa naye hakuwa wa hapa. Aliwaita manahodha na kuwaambia kwamba adhana ya magharibi ikiita atapiga filimbi, mchezo utasimama kidogo. Wote wakakubali. Hapo hakuna mtu wa kulaumu.

Mapumziko yalipokwisha nikaona mtu amevaa kikoi, na kofia yake nyeupe, anakuja taratibu. Ni Aba. Alikuwa hajawahi kuja kumwona kaka akicheza hata siku moja. Nikamkimbilia, nikamshika mkono.

"Niweke pale nyuma ya goli lake," akasema. "Nataka kuwa karibu naye."

Kaka aligeuka, akamwona. Mbona alicheka! Alirekebisha glavu zake kama mtoto wa shule aliyeitwa mbele ya darasa.

Tulikuwa bao moja kwa moja. Mechi ikaingia dakika za nyongeza. Sisi hatukuogopa, kwa sababu kwa penalti kaka hana mchezo, na kila mtu Isiolo anajua. Tulichohitaji ni kufika tu. Lakini kitu kimoja kilianza kunisumbua. Aba alikuwa ananiuliza kila mara, "Mpira uko wapi sasa?" Nilidhani hajui mambo ya mpira. Namwambia, "Uko katikati, Aba." Baada ya kidogo, "Uko wapi sasa?" Ulikuwa mbele yetu hapo hapo. Nikamtazama vizuri usoni. Macho yake yalikuwa yanatafuta.

Nilimwambia tu mpira ulipo.

Zikiwa zimebaki dakika za mwisho kabisa, kaka aliruka akadaka mpira wa kona. Tukashangilia. Na hapo hapo, nyuma ya goli, adhana ikaita. Iliita kwa sauti safi, karibu kabisa.

Kaka hakungoja filimbi. Mwili wake tu ulifanya ulichozoea. Aliweka mpira chini, akavua glavu, akailaza juu yake, akageuka kumtazama Aba.

Adhana ile ilitoka mfukoni mwa Aba. Simu yake aliwekewa na mjomba wangu kule Wajir, walipokuwa wananunua mbuzi, iwe inamwita kwa sala. Jua la Wajir huzama kabla ya letu. Aba alirudi Isiolo, simu ikabaki na saa za kule. Nyumbani tulikuwa tumezoea, inaita mapema kidogo na hakuna anayeamka kwenye mkeka.

Straika wao, kijana mrefu, alisimama akashangaa. Alimtazama refa. Refa hakuwa amepiga kitu. Basi akapiga mpira. Glavu na mpira vikaingia kwenye neti pamoja.

Uwanja mzima ukamtazama refa, naye akaonyesha katikati ya uwanja, bao. Halafu wale wa Meru wakaanza kuruka na kukumbatiana, na katikati ya furaha yao adhana ya msikiti, ile ya kweli, ikaanza. Refa akapiga filimbi kusimamisha mchezo. Tulirudi kumalizia dakika chache zilizobaki, hakukuwa na kitu ndani yake. Aba alikuwa ameshikilia mfuko wake kwa nje kama mtu aliyegongwa pale.

Nyumbani mama alileta chai, hakuna aliyekunywa. Aba aliweka ile simu kwenye mkeka mbele yake.

"Hii ni mimi nimefanya," akasema. "Maneno yangu nimeyafuta. Usiende. Cheza."

Kaka alikuwa bado na jezi. "Tulishikana mikono, Aba."

"Nasema nimefuta!"

"Na hata kama tungepanda." Sauti yake ilikatika, akaanza tena. "Nilikuwa nakusikia pale nyuma. Mpira uko wapi, mpira uko wapi. Kipindi chote. Sasa barabarani nani anakuambia kuna ngamia mbele?"

Aba alifunika macho na mkono, na mama akatoka nje. Mimi, ambaye watu husema siwezi kukaa bila kucheka, nililia mpaka dera langu likalowa.

Jumatatu asubuhi kaka alipanda lori. Siku hizi yeye ndiye anashika usukani, na Aba anabaki nyumbani. Akipiga simu kutoka njiani, anamuulizia Aba kwanza, na mechi anauliza mwisho, kama kitu kisicho na maana. Mimi bado naota kwenye cherehani, siwezi kujizuia, lakini ndoto zikifika kwenye kile kiti cha mbele zinapotea.

Jezi ya namba moja inavaliwa na kijana mwingine. Kila tukiwa na mechi Aba ananiambia tuende. Simu anamwachia mama. Tunasimama pale pale nyuma ya goli, amenishika bega.

"Huyu kipa ni mzuri?" aliniuliza wiki iliyopita.

"Mzuri, Aba."

"Kama wetu?"

Nilitazama ile namba niliyoshona kwa mkono wangu, mgongoni mwa mtoto wa watu.

"Mpira unakuja upande huu, Aba," nikamwambia. "Uko karibu sasa. Ameudaka."