Pini Zote Upande wa Kushoto

Jamani, leo nimeumbuliwa na mashine yangu mwenyewe!

Si mnajua nilivyowatambia ile fotokopi mpya ya dukani kwangu, hapa Kilwa Masoko? Inapanga kurasa, inapiga na pini. Wewe kazi yako kukunja mikono tu.

Basi asubuhi kaingia ustadh aliyenifundisha madrasa utotoni.

"Shikamoo, ustadh!"

"Marahaba. Nitolee nakala arobaini za mtihani wa Kiarabu. Watoto wanaufanya baada ya adhuhuri."

Nikabonyeza. Dakika chache tu, nikamkabidhi mzigo wake, kifua mbele.

Ustadh akashika mtihani wa kwanza, akafungua. Haufunguki.

Mashine imepiga pini kushoto kama ilivyozoea. Na Kiarabu kinaanzia kulia!

Jasho lilinitoka, wallahi. Nikaanza kung'oa pini kwa kucha. Ustadh naye akavuta kiti, tukang'oa pamoja, tukapiga upya kulia kwa stepla ya mkono.

Tulipomaliza wa arobaini, akanitazama, akatabasamu:

"Zamani ulikuwa unakosea, nakuchapa. Leo unanichapia, na bado unakosea!"

Wateja wote hoi kwa kicheko.

Haya, na nyie chekeni. Ila msiniambie na mimi nipige makofi, kucha zinaniuma.