Mkeka wa Mpiga Gitaa

Kabla hajafa kweli, WhatsApp ilikuwa imeshamuua mara kadhaa. Mara amekufa kwa ajali, mara kwa sumu, na kila mara alituma sauti yake kutoka Kampala akicheka, kwamba anakula vizuri na anatusalimia sisi watu wa Bunia. Kwa hiyo asubuhi ile, mpiga ngoma wake wa zamani alipokuja kwenye meza yangu ya vitenge sokoni, simu mkononi na uso umemwanguka, nilimfokea. Nikamwambia, "Toka hapa na uongo wenu, leo naomba amani." Hakubisha. Siku hizi ni fundi wa pikipiki, na alikaa juu ya mzigo wangu wa vitenge vipya na nguo zake za oili, akalia. Kitambaa cha kuuza ndicho alichojifutia machozi, nami sikumkataza. Hapo nilijua kwamba safari hii ni kweli.

Marehemu alikuwa mpiga rock. Najua, mtu wa Kinshasa akisikia atacheka: rock, Bunia? Huku kwetu muziki ni ule wa kuzungusha kiuno, na watu wa kartie, mtaa wetu, walikuwa wanasema wa kwake hauna kiuno kabisa. Karakana aliyofanyia mazoezi iko nyuma ya nyumba yangu, ukuta kwa ukuta, na siku ya kwanza niliingia mle na mwiko wa ugali mkononi nikitaka kugombana. Nikakuta kijana mwembamba, jasho linamtoka, gitaa limefungwa kwa waya mahali pa mkanda. Akazima bafle, lile spika lake kubwa, akanisalimia kwa heshima, akaniuliza, "Mama, inakusumbua ao inakuuma?"

Sikutegemea swali hilo. Nikamwambia inaniuma.

"Bon," akasema, "basi inatumika vizuri."

Nikarudi kwangu na mwiko wangu. Mwaka ule nilikuwa nimemzika mume wangu, na kila aliyeingia nyumbani kwangu aliniambia nyamaza, mama, nyamaza, Mungu anajua. Sawa, Mungu anajua, lakini mimi nilitaka mtu apige kelele. Yule kijana alikuwa anazipiga kila siku saa za jioni, bure, nyuma ya ukuta wangu. Ndivyo nilivyokuwa shabiki, mimi mama mzima mwenye watoto watatu, nikitingisha kichwa pamoja na wamotari wa pikipiki na wanafunzi.

Alikuwa na desturi moja. Kabla ya kila wimbo aligonga ubao wa gitaa kwa vidole: mbili za haraka, kisha anangoja, kisha moja ya kuchelewa. Ko-ko. Ko. Halafu ndipo nyuzi zinalia. Sisi mashabiki tukaichukua ikawa salamu yetu. Wamotari waligonga tanki za pikipiki, wanafunzi madawati, mimi niligonga ile mita yangu ya mbao ya kupimia vitambaa. Hata wachimba dhahabu wa kule Mongbwalu, waliokuwa wakisikiliza nyimbo zake kwenye simu shimoni, wakikutana na wewe sokoni wanagonga meza hivyo, na wewe unajua ni mwenzako. Hakuna aliyemwuliza mambo hayo yalitoka wapi. Tulidhani ni mambo ya wasanii tu.

Alizikwa hukohuko Kampala. Lakini kwetu mtu akifa mbali, kilio kinawekwa nyumbani kwao, na kwao ni hapa. Mama yake mzazi anakaa kartie ya juu, mwanamke wa kwaya, mwenye sauti ambayo kanisa zima linaifuata. Nikaenda kwake na mpiga ngoma kumwomba afungue kilio, nasi tutaleta kuni, unga na viti.

Tulimkuta anachambua maharage. Alitukaribisha, akatuacha tuseme mpaka mwisho, mikono yake haikusimama.

"Mutoto yangu nilishamulia zamani," akasema. "Gitaa ya kwanza alijifunzia ku kanisa. Wazee ba kanisa bakamwambia achague, Mungu ao ile makelele. Akachagua. Ile siku nilifunga mulango na komeo. Akakuja, akagonga, sikufungua. Akagonga tena. Kesho yake nikasikia amepanda lori ya Uganda. Ile siku ndiyo nililia. Kulia mara mbili, hapana."

Mimi mdomo wangu haujui kungoja. Nikamwambia, "Mama, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kama weye hauna, siye tutautoa wapi?"

"Muutoe mu bafle zenu," akanijibu, akaendelea na maharage yake.

Aka! Nilitoka nimebamiza geti, na njia nzima nilimtukana yule mama, nikimfokea mpiga ngoma kana kwamba ni yeye aliyefunga mlango. Lakini hasira ilipopoa nilibaki na hofu moja tu: kwamba kijana yule, aliyelia kwa niaba yetu sote, ataondoka duniani bila mkeka.

Asiyezoea vilio vyetu nimweleze. Chini ya shitingi, lile turubai la plastiki tunalofunga uani, panatandikwa mkeka, na juu yake anakaa mwenye kilio: mama, mjane, dada, mtu wa damu. Anayeingia hasalimii mtu mwingine kabla hajavua viatu, akainama mbele ya mkeka ule na kusema pole. Baada ya hapo ndipo anatafuta kiti. Mkeka bila mtu ni sawa na mlango bila nyumba.

Tulifunga shitingi yetu uani mwa karakana, ukuta kwa ukuta na kwangu. Viti vilikuja, kuni zikaja, picha yake tukaitundika. Na kilio kikashindikana. Watu waliingia, wakatazama huku na huku, wakasimama karibu na geti mikono nyuma, wakinong'ona. Bibi mmoja alikuja na furushi la kuni kichwani, akauliza kwa sauti, "Nimupe nani pole?" Bibi akasubiri kidogo, akageuka, akaondoka na kuni zake.

Mpiga ngoma akanifuata. "Mama, ikala weye ku mukeka."

"Mimi? Mimi ni nani kwake?"

"Weye ni jirani. Siye wengine ni vijana, nani atatuinamia?"

Binti yangu alisikia akaja mbio. "Mama, siye watoto yako tuko wazima! Unakalia mukeka ya nani?" Na alikuwa na haki. Kukalia mkeka wa mtoto wa mwingine, na wako wanapumua, ni kukiita kifo kije kuona nyumba yako. Mimi si mshirikina, lakini na ujinga pia sina. Nilitazama watoto wangu, nikatazama ile picha, nikamkumbuka alivyoniuliza, inakusumbua ao inakuuma. Nikavua hereni, nikavua viatu, nikafunga kitenge kifuani, nikakaa.

Mungu wangu, walivyokuja! Lile geti halikufungika. Waliinama mmoja mmoja, wakasema pole, mama, na kila mmoja alikuwa na wimbo wake. Mwalimu alikuwa na ule wa ubao mweusi, alisema ulimzuia asiache kazi. Mwanamke mmoja aliyehamia kutoka Butembo alikuwa na ule wa nyumba ya kupanga, hakuweza hata kuutaja, aliishia kunishika magoti. Wakanieleza, nikawajibu asante, na mkeka ukawa mkeka.

Ila kulikuwa na mchimba dhahabu mmoja, Mwislamu, kofia mkononi, aliyesafiri na vumbi lake lote. Akainama akaniambia, "Mama, asante kwa kutuzalia huyu kijana."

Nilifungua mdomo nimsahihishe. Lakini machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye magoti yangu, na nyuma yake watu wamejipanga. Utamwambia nini? Umekosea, baba, rudi barabarani ukamtafute mwenyewe? Nikamjibu, "Asante, baba." Jioni mgongo uliniuma mahali palepale unaponiumaga nikizaa.

Na kila nilipojibu asante, nilimchukia yule mama zaidi. Maneno hayo yote yalikuwa yake. Nilikuwa napokea mzigo usio na jina langu, na mwenyewe yuko kwake anachambua maharage.

Ilipofika siku ya kuondoa kilio, alasiri, mpiga ngoma akiwa amewasha bafle na wimbo unavuma mpaka barabarani, nikaona watu wa getini wanafungua njia. Alikuwa yeye, amevaa kitenge cha kwaya. Mtu akazima muziki haraka, kwa heshima au kwa woga, sijui. Akavua viatu ukingoni mwa shitingi, akaja moja kwa moja, akainama mbele yangu.

"Pole, mama," akasema.

Mimi! Ananipa pole mimi! Matusi niliyokuwa nimeyaandaa siku zote zile yakanipotea. Nikijibu asante, nimemla mtoto wake mbele ya watu. Nikinyamaza, nimetukana kilio. Nikajisogeza, nikapiga mkeka kwa kiganja: kaa hapa.

Hakukaa. Akaniletea mdomo karibu na sikio.

"Ku soko banasema kila mutu anakuja kukuelezea wimbo yake," akanong'ona. "Mie sijui hata moja. Nikiikala hapo, nitabajibu nini?"

Hasira yangu yote ikaisha, na niliiona ikiondoka. Nilikuwa nimekwisha kumhukumu mwanamke huyu kwamba hana uchungu. Kumbe alikuwa anaogopa kuulizwa.

"Ikala," nikamwambia. "Mimi nitakaa nyuma yako. Wakitaja wimbo, nitakuambia ni upi."

Akakaa. Nikakaa nyuma yake, goti langu likigusa mgongo wake, na watu wakaanza kuinama upya, kwake. Mwalimu akataja ubao mweusi. Nikanong'ona: huo ni wa haraka, vijana wanaupenda. Mama akaitika kwa kichwa, "Eeh, ile," kwa heshima kabisa, mtu asingejua. Yule mchimba akaja tena. Alinitazama, akamtazama, akaelewa, na aibu ikamshika, lakini alimwinamia mama akamwambia juu ya wimbo wa mke anayemngoja mtu wa shimoni. Nikanong'ona: huo anauanza polepole, mwishoni unalipuka. "Eeh, ile," mama akasema, na sauti ilikuwa imeanza kukatika.

Jua likaegemea. Mchungaji hakuwa amekuja, hatukumtegemea. Kila mtu akaomba kwa dini yake, kimya kimya, kisha mpiga ngoma akasimama akasema tumuage kwa desturi yake mwenyewe, halafu tukunje shitingi. Akainua mkono. Uani mzima, wamotari kwenye tanki zao, akina mama kwenye mabidoni ya maji, vijana kwenye viti, tukagonga. Mbili za haraka. Tukangoja. Moja ya kuchelewa.

Mgongo wa mama ukanyooka mbele yangu.

"Nani alibafundisha hii?" akaniuliza bila kugeuka.

"Ni yeye, mama. Ndiyo aliyoanzia kila wimbo."

"Kila wimbo?"

"Kila wimbo. Mpaka hizi za Kampala."

Akaweka kiganja juu ya mkeka. Halafu akasema, polepole, kwa ajili yangu tu, "Ndivyo alikuwa anagonga mulango yangu. Tangu mutoto. Nijue ni yeye, si mutu mubaya. Hata ile siku ya komeo, aligonga hivyo hivyo."

Mpiga ngoma hakuwa amesikia. Akainua mkono tena, na uani mzima ukagonga tena, kwa nguvu kuliko mwanzo. Ko-ko. Tukangoja. Ko.

"Ingia, baba," mama akasema. "Mulango iko wazi."

Hakusema kwa kelele, lakini kila mtu alisikia, na hakuna aliyegonga tena. Kisha akapiga ukunga, ile sauti ya kwaya ikatoka yote kwa mara moja, na wanawake waliokuwa wakinilia mimi siku zote zile wakanipita, wakamkimbilia yeye. Ndivyo inavyotakiwa. Nilitoka kwenye mkeka nikitambaa kati ya miguu ya watu. Nikafika ukingoni mwa shitingi, nikavaa viatu vyangu, halafu nikavivua tena. Nikarudi nikiwa mgeni, nikasubiri zamu yangu nyuma ya yule mchimba, nikainama.

"Pole, mama," nikamwambia, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ile ya sokoni, nikalia mwenyewe.

Akaniambia asante, na hakuniachia mkono.